Deni, Fidia na Neema: Ukombozi wa Watumwa wa Bagamoyo

Waswahili wana methali isemayo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Methali hii ni nguzo ya maisha ya soko na ya ujirani. Aliyekopa pishi ya mtama hana budi kurudisha pishi ya mtama. Asiyeweza huweka rehani, na katika zama za dhiki asiyekuwa na rehani aliiweka nafsi yake au ya mwanawe. Dini ya Kikristo ilipofika pwani ya Bagamoyo katika karne ya 19, ilikuja na fundisho lililokwenda kinyume cha methali hiyo. Ilisema kwamba mwanadamu ana deni kwa Mungu asiloweza kulilipa, kwamba deni hilo limelipwa na mwingine, na kwamba aliyelilipa hadai. Jambo hilo huitwa neema. Habari za Bagamoyo zastahili kusomwa kwa kuwa huko fundisho hilo halikubaki kuwa maneno ya mimbarini. Lilijaribiwa kwa fedha, kwa jembe na kwa kengele, juu ya watu walionunuliwa sokoni. Jaribio hilo lilidhihirisha kuwa kulipa fidia ya mtu ni kazi nyepesi kuliko kumsamehe deni la fidia hiyo.

Maneno yenyewe yana historia. Wamisionari hawakuja na maneno mapya ya kulitaja fundisho lao. Waliyakuta vinywani mwa watu wakayatwaa. Dhambi, toba, msamaha, fidia na neema ni maneno yaliyokwisha kukaa pwani kwa karne nyingi pamoja na dini ya Kiislamu, ambayo nayo yafundisha kuwa Mungu ni mwingi wa rehema na mwenye kupokea toba. Katika usemi wa kila siku neema ilikuwa ni mvua iliyonyesha kwa wakati wake, shamba lililozaa, na nyumba isiyolia njaa. Kukomboa lilikuwa neno la watu wa kawaida: mtu hukomboa shoka lililowekwa rehani, au humkomboa ndugu aliyetekwa. Basi mtu wa pwani aliyesikia kwa mara ya kwanza kwamba Kristo ni Mkombozi, na kwamba neema yake ni bure, hakusikia fumbo la wanazuoni. Alisikia maneno ya soko na ya shamba, akawa na haki ya kuuliza maswali ya soko na ya shamba. Nani alikuwa akidai? Nani alilipa? Alilipwa nani? Na baada ya malipo, mtu yule ni wa nani?

Swali la mwisho lilikuwa zito Bagamoyo kuliko mahali pengi. Mji huo, ulio kaskazini ya Dar es Salaam ukielekeana na Unguja, ulikuwa kikomo cha njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliingia na pembe za ndovu mabegani, wakatua mizigo, wakapumzika. Jina la mji hufasiriwa na wengi kuwa latokana na kubwaga moyo. Wako wanaosema hiyo ni furaha ya mpagazi aliyefika, na wako wanaosema ni huzuni ya mtumwa aliyeiacha nchi yake. Wanahistoria wengi huiona tafsiri ya kwanza kuwa karibu zaidi na kweli, kwa sababu wapagazi walikuwa wengi kupita watumwa katika njia hiyo, na watumwa wengi waliopelekwa Unguja walipitia Kilwa. Lakini watumwa walikuwako Bagamoyo pia, mashambani, majumbani na majahazini, na soko kubwa la watu lilikuwa ng'ambo tu ya maji.

Wamisionari Wakatoliki walikuja kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1860 Padre Armand Fava aliongoza kundi la mapadre na masista hata Unguja. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo mkuu wake huko alikuwa Padre Antoine Horner. Na mwaka 1868, kwa idhini ya Sultani Majid, shirika lilivuka bahari likajenga Bagamoyo. Yafaa kukumbuka kisiwa walikotoka kilikuwa cha namna gani. Mashamba yake ya kahawa, na baadaye ya miwa, yalilimwa na watumwa mpaka Ufaransa ilipoukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, na wengi wa watumwa hao walitoka Afrika ya Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Masista waliokuja Unguja, Mabinti wa Maria, walikuwa wa shirika lililoanzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, nalo liliwakusanya pamoja wanawake wa Kizungu na wanawake waliotoka utumwani. Ndiyo kusema kwamba waliokuja kulipa fidia walitoka katika nyumba iliyokuwa yenyewe na deni.

Kununua watu ili kuwaacha huru halikuwa jambo geni katika Kanisa. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyeandika juu ya neema kuliko mwalimu mwingine wa zama zake, aliliona kwa macho yake. Katika barua yake moja, iliyopotea kwa karne nyingi hata ikachapishwa mwaka 1981, alieleza jinsi wafanyabiashara walivyokuwa wakiwapakia watu merikebuni katika bandari ya Hippo, na jinsi waumini wa kanisa lake walivyowaokoa watu wapatao 120. Katika karne ya 12 na ya 13 yaliundwa mashirika ya watawa ambayo kazi yao mahususi ilikuwa kukomboa mateka kwa fedha. Katika karne ya 19 kilikuwako Ufaransa Chama cha Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa mwaka 1843, ambacho kilikusanya senti za watoto wa Ulaya kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Fedha za namna hiyo ndizo zilizovuka bahari zikafika Unguja, zikatolewa sokoni, zikanunua watoto.

Miongoni mwa watoto waliofika katika nyumba ya misioni ya Unguja, karibu na mwaka 1865, alikuwa msichana wa Kiyao aitwaye Swema. Yeye hakununuliwa na mtu yeyote, na hapo ndipo habari zake zinapoanza kuwa za maana. Kadiri ya masimulizi yaliyoandikwa juu yake, baba yake alikufa, na mama yake, akiwa mjane katika wakati wa shida, alikopa nafaka. Mavuno hayakuja. Mwenye kudai hakutaka kungoja msimu mwingine; msafara wa watumwa ulipopita kijijini alimtwaa Swema akamtoa kuwa malipo. Mama aliona afadhali kuwa mtumwa pamoja na mwanawe kuliko kubaki huru peke yake, akaomba achukuliwe, akatwishwa mzigo. Njiani nguvu zilimwishia. Mzigo ulipomshinda aliachwa afe, na mtoto akalazimishwa kwenda mbele bila ya kumzika.

Swema alifika Kilwa, kisha Unguja, akiwa amedhoofu hata akahesabiwa miongoni mwa maiti. Alifungwa katika mkeka akafukiwa katika kaburi la kina kifupi. Kijana mmoja mtu wa Réunion aliyekuwa akipita mahali pale alisikia kite, akafukua, akamchukua kwa masista. Alipopata nafuu akajifunza kazi za nyumba ile, na mojawapo ilikuwa kuwahudumia wagonjwa. Siku moja aliletwa Mwarabu mwenye majeraha, na Swema akamtambua. Alikuwa ndiye kiongozi wa msafara uliomwacha mama yake afe njiani. Sista alimtaka msichana asaidie kumwuguza mtu yule, naye hakuweza. Masimulizi hayafichi hasira yake wala hayaiiti dhambi nyepesi. Yasema kwamba alikwenda kanisani, akashindana na moyo wake, akarudi, akamhudumia.

Habari hizi zilitolewa katika kitabu Paris mwaka 1870 na Monsinyori Gaume, zikasomwa na Wakristo wa Ulaya, zikawatoa machozi na fedha. Hapana shaka kwamba mkono wa Ulaya umeligusa simulizi. Maneno ya msichana yalipita katika masikio ya mapadre, yakageuzwa kuwa Kifaransa, yakapambwa kwa ajili ya wasomaji wacha Mungu. Mwanahistoria Edward Alpers, aliyeyachunguza katika karne ya 20, aliona kwamba pamoja na mapambo hayo yamo mambo ya kweli juu ya maisha ya wanawake wa Kiyao: mjane asiye na jamaa wa kumtetea, deni dogo linalokuwa kubwa, na mtoto anayekuwa sarafu. Mambo hayo hayakuweza kubuniwa na mtu wa Paris asiyeijua nchi.

Ndani ya simulizi hilo mna majibu ya maswali ya sokoni. Alianza kwa kudaiwa: deni la nafaka la mama yake ndilo lililomtia utumwani. Alimaliza kwa kudai: yule mgonjwa alikuwa na deni kwake ambalo hapana reale wala pembe ya ndovu ingeweza kulilipa. Mdai wa kwanza, aliyekuwa akidai magunia tu, hakusamehe. Mdai wa pili, aliyekuwa akidai uhai wa mama, alisamehe. Katika Injili ya Mathayo Yesu atoa mfano wa mtumishi aliyesamehewa na mfalme deni kubwa kupita kiasi, kisha akatoka nje akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Habari za Swema ni mfano huo uliopinduliwa. Hakuna aliyewahi kumsamehe kitu, naye alisamehe kikubwa. Mafundisho ya Kikristo husema kwamba tendo la namna hiyo halitoki katika nguvu za mtu peke yake, na ndiyo maana huitwa neema. Hata asiyeiamini dini hiyo atakiri kwamba halikutoka katika hesabu.

Misioni ya Bagamoyo, iliyojengwa miaka michache baada ya Swema kuokolewa, ilikusudia kulifanya jambo hilo kuwa desturi ya mji mzima. Watoto waliokombolewa walilelewa katika nyumba mbili, ya wavulana na ya wasichana. Walifundishwa kusoma, kuhesabu, kulima na kufanya kazi za mikono: useremala, uashi na uhunzi. Walipofikia umri waliozwa, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Minazi ilipandwa, vanila ikajaribiwa, na njia ya miembe ikaanza kutoa kivuli kuelekea pwani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha karibu kila kitu, na yote yakajengwa upya. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipita pwani kwa shughuli ya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, akaisifu misioni hiyo kuwa kielelezo cha kuigwa. Katika mwaka huo huo Sultani Barghash alilifunga soko la Unguja, na tangu hapo waliofika Bagamoyo walikuwa zaidi wale waliotolewa katika majahazi na manowari za Kiingereza.

Sifa hizo zilikuwa za haki. Hata hivyo kijiji kilikuwa na upande wa pili. Kengele ilipiga alfajiri, ikapiga kwa sala, ikapiga kwa kazi. Siku kadhaa za juma wanakijiji waliifanyia misioni kazi, na zilizobaki walijilimia wenyewe. Ndoa zilipangwa na mapadre. Mwenye kuvunja kanuni aliadhibiwa, na pengine adhabu ilikuwa ya fimbo. Shajara za misioni, zilizoandikwa na mapadre wenyewe, zina habari za waliotoroka, wa walionung'unika, na wa waliodai malipo makubwa zaidi. Mapadre walisikitika. Walikuwa wameacha nchi zao, wengi wao walikufa vijana kwa homa, na mbele ya macho yao walikuwa watu waliotolewa katika minyororo ambao sasa waliulizia ujira. Kwa fikira zao huo ulikuwa utovu wa shukrani. Watu wa pwani wana methali yao kwa masikitiko kama hayo: mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, binadamu ana maudhi.

Lakini methali hiyo ni ya mtu aliyefadhili akitarajia mchuzi. Hapa ndipo jaribio la Bagamoyo lilipoonyesha ugumu wake. Fidia ilikuwa imelipwa kwa moyo wa huruma, wala hakuna ushahidi kwamba mapadre walitaka kujitajirisha. Pamoja na hayo, fidia iliyolipwa na wanadamu ilizaa deni jipya. Aliyekombolewa alihesabiwa kuwa na wajibu wa kutii, wa kulima, wa kuoa aliyechaguliwa, na wa kukaa alipowekwa, kwa kuwa alinunuliwa kwa fedha za watoto wa Ulaya. Mtoro wa Bagamoyo alilijibu swali la soko kwa miguu yake. Ikiwa nimekombolewa, ndivyo kutoroka kwake kulivyosema, basi mimi si wa mtu. Na ikiwa mimi ni wa mtu, basi sikukombolewa, nimebadilishiwa bwana.

Paulo Mtume alilijua tatizo hilo. Aliwaandikia Wakorintho kwamba walinunuliwa kwa thamani, na kwa sababu hiyo wasiwe watumwa wa wanadamu. Katika barua fupi kwa Filemoni alimrudisha Onesimo, mtumwa aliyekuwa amekimbia, akamsihi bwana wake ampokee kama ndugu, na kama anamdai kitu, deni hilo liandikwe juu ya Paulo mwenyewe. Hapo kuna tofauti iliyo nyembamba lakini ndiyo yenye uzito wote. Paulo analichukua deni la Onesimo, wala hamgeuzi Onesimo kuwa mdeni wa Paulo. Wanazuoni wa Kanisa waliligusa jambo hilo hilo walipobishana juu ya msalaba. Wapo wa zamani waliosema kwamba fidia ya Kristo ililipwa kwa shetani, kwa kuwa ndiye aliyewashika watu. Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, alikataa: mnyang'anyi hastahili kulipwa kwa kitu alichoiba. Mtu wa Unguja angeweza kumwelewa Gregori mara moja. Kila mtoto aliyekombolewa sokoni alimwachia mfanyabiashara faida mkononi, na wakosoaji wa wamisionari walisema wazi kwamba fedha za huruma zilikuwa zikinunua pia msafara wa pili.

Tatizo hilo halikuwa la Wakatoliki peke yao. Mwanzo wa mwaka 1889 huko Rabai, nyuma ya Mombasa, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia katika vijiji vya misioni ya Kianglikana walipata hati za uhuru baada ya Kampuni ya Kiingereza kuwalipa mabwana wao. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu ya kushangilia. Ila katika hesabu ile aliyehesabiwa kuwa mwenye haki ya kulipwa alikuwa bwana. Mtumwa, ambaye jasho lake la miaka mingi halikulipwa, hakuandikwa katika safu ya wadai. Fidia ya kidunia hupatanisha madaftari. Haiulizi ni nani aliyedhulumiwa.

Katika mwaka huo huo gurudumu liligeuka. Watu wa pwani, wakiongozwa na Bushiri bin Salim na wengine, walikuwa wameinuka tangu mwaka 1888 kuipinga Kampuni ya Kijerumani. Mwezi wa Januari 1889 misioni ya Wabenediktini huko Pugu ilishambuliwa. Baadhi ya watawa waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Waliokwenda kuwaombea walikuwa mapadre wa Bagamoyo, na mateka waliachiwa kwa fidia. Basi Wazungu nao walijua maana ya kukaa kifungoni wakingoja kama kuna mtu atakayewalipia. Misioni ya Bagamoyo yenyewe haikuguswa na Bushiri. Maelfu ya watu waliokimbia vita walipata hifadhi katika viwanja vyake, pasipo kuulizwa dini yao wala upande wao, nao hawakupigiwa kengele ya kazi kwanza. Pengine katika miezi ile ya hofu misioni ilikaribia zaidi fundisho lake kuliko katika miaka yote ya utaratibu mwema. Serikali haikuwa na fundisho la namna hiyo: mwezi wa Desemba 1889 Bushiri alinyongwa Pangani.

Yangekuwa makosa, hata hivyo, kuwaona waliokombolewa kama watu waliotendewa tu, iwe wema au ubaya. Tangu mwaka 1877 misioni ilianza kupanda bara: Mhonda, kisha Mandera mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882, na baadaye mbali zaidi, hata Kilimanjaro. Katika kila kituo kipya walikwenda watu wa Bagamoyo, mume na mke waliokuwa watumwa utotoni, wakajenga nyumba za kwanza, wakalima mashamba ya kwanza, wakafundisha sala za kwanza. Majina ya mapadre yamekaa katika vitabu. Ya wengi wa hawa hayakukaa. Walirudi katika nchi za bara, ambako wengine wao walitekwa, na huko wakahubiri msamaha wa dhambi kwa watu ambao miongoni mwao pengine walikuwamo waliowauza. Hakuna aliyewalipa kwa msamaha huo. Wakati maneno ya kitubio na ondoleo la dhambi yalipotamkwa na vinywa hivyo, yalikuwa na mizani ambayo padre aliyezaliwa huru hakuweza kuwa nayo.

Utumwa wenyewe uliondoka polepole, kwa sheria, si kwa maungamo. Unguja, hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897, na mabwana wakaahidiwa fidia. Katika koloni la Kijerumani haukufutwa kabisa. Amri ya mwaka 1904 ilisema tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Tanganyika iliufuta moja kwa moja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katika sheria hizo zote hakuna mahali ambapo mtu alisimama akasema: nimekosa. Ni jambo la ajabu kidogo. Kwa nusu karne waliokuwa watumwa walipiga magoti mbele ya padre wakaungama dhambi zao ndogo, hasira, uvivu na kunung'unika, wakati ile dhambi kubwa iliyowaleta magotini pale ilikuwa haijapata mwenyewe wa kuiungama.

Mwenyewe alichelewa kuja. Tarehe 22 Februari 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alisimama katika kisiwa cha Gorée, Senegal, mahali palipokumbukwa kwa biashara ya watumwa wa pwani ya magharibi, akaomba msamaha wa mbinguni kwa ajili ya dhambi ya watu waliobatizwa ambao hawakuiishi imani yao. Mwaka 2000, katika Kwaresima ya mwaka wa Jubilei, alifanya ibada ya kuomba msamaha kwa makosa ya wana wa Kanisa katika historia. Wengine walisema maneno hayo yamekuja baada ya wenye kudai wote kufa. Ni kweli, lakini toba ya Kikristo haikuwekwa iwe malipo. Mtenda dhambi haombi msamaha kwa kuwa amekwisha kulipa, anaomba kwa kuwa hawezi. Kinachotakiwa kwake ni kusema kweli, kuacha, na kutengeneza kinachotengenezeka. Neema haifuti habari. Yule mgonjwa wa Unguja alihudumiwa na Swema, lakini mama wa Swema hakufufuka, wala masimulizi hayakuruhusu tendo la yule mtu lipewe jina jingine.

Kwa hiyo fundisho la neema lina makali pande mbili, na Bagamoyo iliyaonja yote mawili. Kwa aliyekosa lasema: huwezi kulipa, basi usijifanye umelipa, ungama. Kwa aliyetoa lasema: ulichotoa kimekwisha kutoka mkononi mwako, basi usikifuate kwa daftari. Makosa ya mapadre wa Bagamoyo hayakuwa ukatili, yalikuwa makosa ya watu wema, yaani kukumbuka mno gharama ya wema wao. Hayo ndiyo makosa ambayo kila mfadhili yuko karibu nayo: mzazi kwa mtoto aliyemsomesha, tajiri kwa maskini aliyemsaidia, taifa kwa taifa lililolikopesha. Dawa ya deni ni kulipa, na soko haliwezi kusimama pasipo methali hiyo. Lakini nyumba, kijiji na kanisa haviwezi kusimama kwa methali hiyo peke yake.

Bagamoyo leo mnara wa kanisa la kale bado umesimama, na ng'ambo yake lipo kanisa kubwa lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914. Njia ya miembe yaelekea baharini, na karibu na maji uko msalaba unaokumbusha waliofika mwaka 1868. Katika makaburi ya misioni wamelala mapadre, mabruda na masista, wengi wao wakiwa vijana. Katika nyumba ya makumbusho imewekwa minyororo. Wageni huitazama wakauliza ilimfunga nani, na ni swali jema. Watoto wa watoto wa waliofungwa wangali wakiishi pwani hiyo na bara yake, wakilima, wakivua na kusali, na siku za sala zao hutamka ile sala ambayo ndani yake mtu huomba asamehewe deni lake kwa kadiri asameheavyo. Wazee wao walikuwa na madeni mengi ya kudai.